Saa 17 kati ya 48: kisa cha fundi baiskeli aliyejiajiri

Kijana mwenye cheti cha ufundi mitambo ameomba kazi kwa miezi 14. Ameitwa kwenye usaili mara tatu, na mara zote ameambiwa asubiri simu. Baiskeli anazijua tangu utotoni. Majirani humletea pancha na breki zilizolegea, naye huwatengenezea kwa asante tu. Siku moja anaamua kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake: ananunua vifaa, anavitia kwenye mkoba na kutangaza kwamba yeye ni fundi anayemfuata mteja alipo.

Wiki ya 6 ikifika ana wateja, anasifiwa, anarudi nyumbani hoi kila jioni, na hana fedha. Hicho ndicho kitendawili tunachokichambua. Mhusika ni wa mfano, hakuna mtu halisi anayesimuliwa hapa, na hesabu za wiki zake ni za mfano vilevile. Vipimo vya ufundi ni vya kweli, na makosa yake ni yale ambayo mafundi wengi wanaoanza huyafanya. Kwa kuwa mishahara na bei hutofautiana, hesabu zote tumezifanya kwa saa: kipimo ni ujira wa saa moja ambao mtu wa ujuzi kama wake angelipwa kama angeajiriwa.

Kazi yenyewe haikuwa na kasoro

Wengi wangesema alichagua vibaya, kwamba baiskeli hazina fedha. Hatukubaliani. Kazi aliyoichagua ina sifa ambazo biashara nyingi za kuanzia hazina. Watu tayari wanailipia, kwa hiyo hahitaji kumshawishi mtu kwamba baiskeli iliyoharibika inahitaji fundi. Vifaa vyake hubebeka. Mteja huyaona matokeo palepale na kulipa palepale. Zaidi ya yote, hitaji linajirudia: raba za breki huisha, minyororo huvutika, mipira ya ndani hutoboka, nyaya hushika kutu. Anayeuza kitu kinachonunuliwa mara moja katika miaka mitano hulazimika kutafuta mteja mpya kila asubuhi. Fundi baiskeli anaweza kumtengenezea mtu yuleyule mara sita kwa mwaka.

Jambo ambalo hakulitazama ni namna anavyofanya kazi yule fundi wa kibandani aliyemtangulia. Aliiangalia bei yake, akaiiga, akaishusha kidogo ili apate wateja. Hakujiuliza kwa nini bei ile inamtosha yule mwenzake.

Mkoba wa kwanza

Sehemu kubwa ya vifaa alivyonunua ilikuwa sahihi. Spana za 8, 9, 10, 13, 14 na 15 mm. Ile ya 15 ndiyo ya nati nyingi za gurudumu la nyuma, na iliyo nyembamba ndiyo ya pedali. Spana nyembamba za koni (nati zinazobana gololi kwenye ekseli), za 13 na 15, kwa ajili ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Alenki (funguo za skrubu zenye tundu la pembe sita) za 4, 5 na 6 mm, ambazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya baiskeli za kisasa. Kikata mnyororo, ufunguo wa spoki, liva tatu za plastiki za kutolea tairi, koleo la kukatia waya, bisibisi mbili, pampu yenye geji, grisi, mafuta ya mnyororo, msasa, viraka na solusheni.

Alikosea kwenye vipuri. Alinunua spoki za urefu wa aina tano, vifaa vya kufungulia friwili (gia za gurudumu la nyuma) za aina nne, na pedali jozi sita kwa kuwa alizipata kwa punguzo. Baada ya wiki 6 vingi vilikuwa bado kwenye mifuko yake, wakati raba za breki na nyaya zilimwishia kila baada ya siku mbili, akawa anakimbia dukani katikati ya kazi. Fundi anayehamahama anaweza kuanza na vitu vichache kabisa: mipira ya ndani ya saizi mbili zinazoonekana zaidi mahali pake, jozi nane hadi kumi za raba za breki, nyaya za breki za unene wa 1.5 au 1.6 mm, nyaya za gia za 1.1 au 1.2 mm, minyororo miwili, na gololi. Nyaya za breki zinunuliwe kwa kuangalia kichwa chake, maana zile za breki za usukani ulionyooka huwa na kichwa cha mviringo kilicholala kama kipande cha bomba, na za usukani uliopinda wa baiskeli za mbio huwa na kichwa kama peasi. Waya wenye kichwa kisicholingana hauingii, na mteja amesimama pale anakutazama.

Spoki anunue baada ya kupata kazi ya spoki. Mteja mwenye gurudumu lililopinda hadi spoki kukatika anaelewa kwamba atasubiri hadi kesho.

Daftari

Mwanzoni aliandika mapato tu. Wiki ya 6 alishauriwa aandike muda pia: kila alipobadilisha shughuli, aandike ameanza lini na amemaliza lini. Daftari lilimwonyesha kwamba amefanya kazi saa 48. Saa 17 alikuwa ameshika spana kwenye baiskeli ambayo mtu atailipia. Saa 11 alikuwa njiani kumfuata mteja au kurudi. Saa 9 zilikwenda kwenye safari za kununua vipuri. Saa 6 alisubiri: mteja hajafika, mlinzi hajaruhusu aingie, baiskeli bado iko kazini. Saa 5 alirudia kazi ambazo tayari alikuwa amelipwa.

Gawanya 48 kwa 17, utapata 2.8. Maana yake, ili apate ujira wa kawaida kwa wiki nzima, kila saa anayoishika baiskeli ilipaswa kuuzwa kwa ujira wa karibu saa tatu, na hapo bado hatujahesabu spana zinazochakaa. Yeye aliiuza kwa bei ya kibandani. Fundi wa kibandani hatembei, wateja ndio wanaotembea, na akimsubiri mmoja anamtengenezea mwingine. Bei ileile inayomlisha mmoja inamtia njaa mwingine, ingawa wote wawili wanaziba pancha moja.

Chukua mfano mmoja tu katika daftari lile. Mteja amepiga simu, ana pancha, yuko mwendo wa dakika 35. Kwenda na kurudi ni dakika 70, kuziba ni dakika 20. Dakika 90 zimetumika, zilizolipwa ni 20. Mteja wa namna hiyo ndiye aliyemsifu sana, na ndiye aliyemtia hasara zaidi.

Kazi zinazorudi

Zile saa 5 za kurudia kazi zinaonekana chache, lakini tunazikalia kwa sababu ni ghali kuliko saa nyingine zote. Saa ya njiani inakula muda tu. Saa ya kurudia kazi inakula muda, kipuri, na jina.

Pancha ndizo zilizoongoza kurudi. Sababu ya kwanza ilikuwa kuziba tundu bila kutafuta kilichotoboa. Mwiba au kipande cha waya kikibaki kwenye tairi, mpira uliozibwa leo utatobolewa kesho palepale. Kabla ya kurudisha mpira, pitisha vidole ndani ya tairi mzunguko mzima, polepole, kwa kitambaa kama unahofia kujikata, kisha angalia kwa nje. Ukiuweka mpira juu ya tairi kama ulivyokuwa, valvu kwa valvu, tundu lenyewe litakuonyesha pa kutafuta.

Halafu ajifunze kulisoma tundu. Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, ni upepo mdogo: gurudumu limegonga ukingo au shimo na rimu imeubana mpira. Hapo kiraka peke yake hakisaidii. Mteja aambiwe aongeze upepo, na kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tundu upande wa ndani, unaoelekea rimu, ni utepe wa rimu uliohama na kuacha kichwa cha spoki wazi. Mpasuko kwenye shina la valvu mara nyingi hutokana na tairi kuteleza kwenye rimu kwa kukosa upepo. Huo hauzibiki, badilisha mpira.

Sababu ya pili ilikuwa haraka ya solusheni. Mpira ukwaruzwe kwa msasa eneo linalozidi kiraka, hadi ung'aro uishe. Mstari wa mshono ukipita chini ya kiraka, usawazishwe kabisa, la sivyo upepo utatoka kupitia mfereji wake. Solusheni ipakwe nyembamba, kisha isubiriwe kama dakika 5 hadi ing'ae kidogo tu na isishike kidole. Fundi wetu alikuwa akibandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi, akidhani ni gundi kama gundi nyingine. Kimiminiko kilichonaswa chini ya kiraka kinazuia kushikana, na kiraka huanza kunyanyuka pembeni siku ya pili. Kikishabandikwa kikandamizwe kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje.

Ya tatu ni kujitobolea mwenyewe wakati wa kufunga. Tairi lianze kuingizwa upande ulio mkabala na valvu na kumalizikia kwenye valvu, kwa mikono pale inapowezekana, mpira ukiwa na upepo kidogo ili usijikunje. Mwishoni valvu isukumwe juu kidogo kisha ivutwe, ili sehemu nene ya mpira isibanwe chini ya ukingo wa tairi. Liva ya chuma ndiyo inayotoboa wengi, ndiyo sababu tulisema za plastiki.

Minyororo ilimletea ugomvi wa aina nyingine. Mteja alikuja na mnyororo mkavu unaolia, fundi akaweka mpya, na kesho yake baiskeli ikawa inaruka meno kila mteja akikanyaga kwa nguvu. Mteja akasema baiskeli yake imeharibiwa. Kilichotokea ni kwamba mnyororo wa zamani ulikuwa umerefuka pamoja na gia: meno yamelika kwa kiasi kilekile, yakazoeana nao. Mnyororo mpya una umbali sahihi kati ya pini na pini, meno hayana tena.

Kipimo chake ni rahisi na kinahitaji rula tu. Pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, mnyororo ukiwa umevutwa. Mpya ni milimita 304.8. Ukiwa umeongezeka milimita 2 hivi, badilisha mnyororo na gia zitasalimika. Kwa baiskeli zenye gia 11 au 12 nyuma usingoje kufika hapo, 1.5 inatosha. Ukifika milimita 3 au zaidi, yaani asilimia 1, mwambie mteja kabla hujagusa kitu kwamba huenda gia za nyuma nazo zimekwisha, na umpe bei mbili. Fundi akisema kabla, huo ni ushauri. Akisema baada, mteja husikia kisingizio.

Habu zilirudi zikikwaruza kwa sababu alikaza koni akiwa ameshika gurudumu mkononi, akaridhika lilipozunguka bila mchezo, yaani bila kuchezacheza. Kwenye ekseli inayofungwa kwa kukunja liva badala ya nati, ule ubano wa fremu huikandamiza ekseli kidogo, na koni iliyokuwa sawa inageuka kuwa imekaza. Inatakiwa kuachwa mchezo mdogo kabisa unaopotea gurudumu linapofungwa kwenye fremu. Kosa jingine lilikuwa kuongeza gololi mpya tatu au nne mahali palipopungua. Gololi zilizotumika zimeshapungua kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hivyo zile mpya chache hubeba uzito wote na kuichimba koni. Zibadilishwe zote: kwa habu za kawaida za koni, nyuma ni 9 za robo inchi kila upande, mbele ni 10 za inchi 3/16 kila upande. Zihesabiwe zinapotoka, maana kuna habu ambazo hazifuati desturi hiyo.

Na kuna kosa moja alilifanya mara moja tu, na likamla ujira wa siku mbili. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Aliilazimisha kwa kuizungusha upande wa kawaida, nyuzi za mkono wa pedali zikakatika, akalazimika kununua mkono mpya. Pedali zote mbili hukazwa kwa kuzungusha kuelekea mbele ya baiskeli na kufunguliwa kuelekea nyuma, ukiwa umesimama upande wa pedali hiyo. Kila fundi analijua hili, na kila fundi amelisahau angalau siku moja yenye haraka.

Fedha ambayo haikuwa yake

Daftari la muda lilieleza uchovu wake. Halikueleza kwa nini mkoba wa vipuri ulikuwa ukipungua huku fedha zikionekana kuingia. Hapo tatizo lilikuwa mfuko mmoja.

Tuseme mteja amelipa sehemu 10 kwa kazi ya mnyororo na breki. Sehemu 6 ni bei ya vipuri, 1 ni mafuta, grisi na uchakavu wa vifaa, 3 ni ujira. Fundi akiona 10 mfukoni, akatumia 5 nyumbani, anajisifu kwamba ameweka nusu. Lakini alipaswa kubakiza 7, amebakiza 5. Amekula sehemu 2 za vipuri. Kama alianza na akiba ya vipuri yenye thamani ya sehemu 60, kazi ya 30 itamkuta na mkoba mtupu, na katika siku zote hizo hakuna hata moja aliyohisi anapata hasara. Hili ndilo linalozifunga biashara nyingi ndogo zinazoonekana zina wateja.

Dawa yake haihitaji uhasibu. Mifuko miwili. Mteja anapolipa, bei ya kipuri na ile sehemu 1 huingia mfuko wa kwanza palepale, mbele yake, kabla fundi hajafunga mkoba. Kinachobaki ndicho cha nyumbani. Kwa kazi kubwa, mteja alipie vipuri kabla ya kazi kuanza. Wachache hukataa, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba mnyororo haujitengenezi wenyewe.

Alichokibadilisha

Kuanzia wiki ya 8 aliacha kumfuata kila mteja popote. Alichagua vituo vitatu ambako baiskeli hukusanyika zenyewe: ua wa kampuni ya wapeleka mizigo kwa baiskeli, lango la chuo, na maegesho ya wafanyakazi wa ghala. Kila kituo kilipewa siku zake zisizobadilika. Jumatano mchana ikawa ya kununua vipuri, mara moja kwa wiki, kwa orodha. Kanuni ya orodha: kitu kikibaki nusu ya kile kinachotumika kwa wiki, kinaandikwa.

Anayetaka kufuatwa nyumbani bado alifuatwa, kwa nyongeza inayolipia muda wa njia. Baadhi ya wateja wa simu walikasirika na kuondoka. Walikuwa wale wa dakika 90.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa kuuza matunzo badala ya kungoja uharibifu. Alienda kwa msimamizi wa wapeleka mizigo na hoja moja: baiskeli inayoharibika katikati ya safari inachelewesha mzigo, na kuivuta hadi kwa fundi kunakula nusu siku. Akapendekeza kila baiskeli ikaguliwe mara moja kila wiki 4. Baiskeli zilikuwa 40, kwa hiyo 10 kwa wiki, dakika 45 kila moja. Dakika hizo alizigawa hivi: mnyororo kupanguswa na kupakwa mafuta, 10, upepo na ukaguzi wa tairi, 5, raba na nyaya za breki, 10, kukaza nati, pedali, usukani na tandiko, 8, kupima mnyororo na mchezo wa habu, 5, kunyoosha rimu, 7.

Mafuta ya mnyororo hutiwa tone moja kwenye kila kiungo, unazungusha pedali, kisha unafuta yaliyobaki nje hadi mnyororo uonekane karibu mkavu. Mnyororo unaong'aa kwa mafuta hupendeza siku hiyo, lakini hukusanya mchanga na kujisaga wenyewe. Kunyoosha rimu ni robo mzunguko kwa mara moja: rimu ikielemea kushoto, kaza spoki za kulia mahali hapo na legeza za kushoto kwa kiasi hichohicho. Anayekaza tu bila kulegeza huishia na rimu iliyobonyea mahali hapo.

Kila baiskeli ilipata kadi yenye namba, tarehe, urefu wa mnyororo kwa milimita, na alama ya kitu kitakachohitaji kubadilishwa safari ijayo. Kadi hizo zilifanya kazi ambayo tangazo lisingeweza. Msimamizi aliona mnyororo umetoka 305.5 hadi 306.4 na akaelewa mwenyewe kwamba mwezi ujao kuna gharama. Fundi naye alijua anunue minyororo mingapi kabla haijaombwa. Safari za dukani zilipungua zaidi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya Jumatano.

Wiki ya 16 daftari lilisomeka hivi, kwa saa zilezile 48: zilizolipwa 31, njiani 5, vipuri 3, kusubiri 3, kurudia kazi 2, na 4 za kuandika kadi na kuongea na wateja wapya. Ile 2.8 ya kugawanya saa zote kwa saa zilizolipwa ikawa 1.55. Hakuwa amekuwa fundi hodari mara mbili zaidi, na bei yake kwa kazi ya kituoni ilipanda kidogo tu.

Mteja mkubwa

Hapa ndipo kisa kingeweza kuharibika upya. Kati ya zile saa 31, 16 zilitoka kwa wapeleka mizigo peke yao: 7.5 za ukaguzi, zilizobaki za matengenezo ambayo ukaguzi uliyaibua. Zaidi ya nusu ya ujira ilishikwa na mtu mmoja. Wiki ya 17 malipo hayakuja, wiki ya 18 akaambiwa mhasibu amesafiri. Fundi aliendelea kufanya kazi kwa kuogopa kumpoteza. Malipo yalipofika, wiki 5 zilikuwa zimepita, sawa na saa 80 za kukopesha, pamoja na vipuri alivyovitoa kwenye mkoba wake.

Tunaona kosa halikuwa kumpata mteja mkubwa, bali kuanza naye bila kuandikiana. Ukurasa mmoja unatosha: baiskeli ngapi, mara ngapi, kitu gani kimo kwenye ukaguzi na kipi hakimo, vipuri hulipwa kabla, ujira hulipwa kila wiki, na wiki 2 zikipita bila malipo kazi inasimama hadi deni lilipwe. Sharti hilo la mwisho ni rahisi kuliweka siku ya kwanza, na ni gumu sana kulidai wiki ya 18, kwa sababu wakati huo linaonekana kama ugomvi. Waliandikiana baadaye. Pia aliupanua mzunguko wa chuo na ghala hadi sehemu ya wapeleka mizigo ikashuka kufikia saa 11 kati ya 31, kidogo zaidi ya theluthi.

Alitamani pia kumchukua msaidizi katika kipindi hicho. Hakumchukua, na alifanya vyema. Msaidizi mpya huhitaji kutazamwa, na saa za kutazama hazilipwi. Kwa saa 31 bado palikuwa na nafasi ya kujaza kabla ya kugawana.

Simu iliyosubiriwa

Wiki ya 22 simu ilipigwa: moja ya zile sehemu tatu za usaili ilikuwa na nafasi ya mkataba wa miezi 6, wiki nzima, mshahara wa kawaida wa fundi. Aliomba siku tatu kwa wiki ili asiziache kadi zake, akakataliwa.

Kwa daftari lake, akiuza saa 31 kwa bei ya kituoni, alikuwa anapata karibu na mshahara ule, pungufu kidogo, bila likizo wala malipo ya siku za kuugua. Kwa upande wa pili, mkataba ungeisha baada ya miezi 6, na baiskeli zile 40 zingekuwa zimepata fundi mwingine mwezi wa kwanza tu. Ratiba ya wiki 4 haivumilii fundi asiyekuwepo. Akaukataa.

Kwa maoni yetu uamuzi ulikuwa sahihi kwa wiki hiyo, kwa kuwa alikuwa na vituo vitatu vinavyolipa, makubaliano ya maandishi, na hakuna mteja mmoja aliyeshika nusu ya mapato. Simu ileile ingekuja wiki ya 7, akiwa na saa 17 za kulipwa na mkoba wa vipuri unaoliwa kimyakimya, tungemwambia aende, auhifadhi mkoba, na atumie miezi hiyo 6 kufidia saa ambazo baiskeli hazikumlipa.